Kabla ya Kumvika Jini Kinyago cha Newala

Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Resident Evil 5. Uliuzwa kwa mamilioni ya nakala duniani, na vijana wetu nao wameucheza, majumbani na kwenye vibanda vya gemu mitaani. Mambo yake yanatokea Kijuju, eneo la kubuni ambalo watungaji waliliweka Afrika Magharibi: mji wa vumbi na mabati ulioingiwa na vimelea vinavyowageuza watu kuwa wauaji. Watu hao wanaitwa Majini, na wanapomvamia mchezaji wanapiga kelele kwa Kiswahili. Ukisonga mbele hadi kwenye mabwawa unakutana na Wandipaya, kabila la kubuni lenye mikuki, mavazi ya majani na vinyago. Hakuna anayejali Wandipaya wanalima nini, wanazika vipi, wanamwogopa nani. Wanajitokeza, wanatisha, wanauawa.

Picha za kwanza za mchezo huo zilipoonyeshwa mwaka 2007, ubishi ulizuka Marekani na Ulaya kuhusu rangi, kwa kuwa mzungu mwenye bunduki alionekana akiwamiminia risasi Waafrika waliojaa mtaani. Ulikuwa ubishi wa haki. Lakini kwa sisi tunaotoka upande wa Masasi na Newala liko jambo jingine, nalo ni la ufundi wa kutunga. Watungaji wa Kijuju walichukua lugha ya mashariki, wakaipeleka magharibi, wakaongeza vinyago vya popote. Nchi waliyoipata inatisha kwa muda mfupi, kisha inachosha, kwa sababu haina sheria inayoiendesha. Ukijua kwamba kila aliyevaa kinyago atakukimbilia, umeshajua yote.

Nalileta suala hili gazetini kwa kuwa watunzi vijana wa hapa nchini, wa riwaya, wa hadithi za picha na wa gemu, sasa wanazitaka nchi za jinamizi: tawala za kubuni ambamo maji hutolewa kwa kibali, ambamo mtu haruhusiwi kuhama kijiji, ambamo jirani ni mpelelezi. Wakitafuta rangi ya kuzipaka nchi hizo, mara nyingi macho yao huelekea Kusini. Kinyago cha Mmakonde, nembo za usoni, ndonya kwenye mdomo wa bibi: vitu hivyo vimo tayari kichwani mwa kila Mtanzania, na vingi viliingia kwa njia ya utani. Nasema Kusini kuna mali kubwa kuliko hizo sura, na mtunzi anayebeba sura peke yake huwakosea watu, tena huipunja hadithi yake mwenyewe.

Tuanze na kinyago chenyewe. Kwa Wamakonde wa upande wetu ngoma yake ni midimu. Ng'ambo ya Ruvuma, huko Mueda, ni mapiko. Kinyago kinachoingia ngomani si kile cha mpingo mweusi kinachouzwa Mwenge, Dar es Salaam. Ni cha mti mwepesi, kimechongwa kama kofia inayofunika kichwa, mara nyingi kimebandikwa nywele halisi za binadamu na kuchorwa nembo za uso, na mchezaji hufunikwa mwili mzima asitambulike. Hutokea kwa wakati wake, hasa vijana wanapotoka jandoni na wasichana unyagoni. Kuna mahali pa kukiandaa, kuna wanaoruhusiwa kujua na wasioruhusiwa, kuna ngoma za kukiita na ngoma za kukirudisha. Watoto hukimbia. Kina mama hurudi nyuma, kisha husogea tena wakiimba. Kijana aliyepita jandoni hafundishwi kuacha kuogopa. Anafundishwa la kufanya na woga huo, na anakabidhiwa wajibu wa kuutunza kwa ajili ya wadogo zake.

Sasa mvike kinyago hicho mnyama wa hadithi anayetoka gizani kuua. Umekiondolea wakati wake, kwa hiyo hakina mwisho. Umekiondolea wenye kujua na wasiojua, kwa hiyo hakina siri. Jamii nzima ilikuwa imeuwekea woga huo mipaka, nawe umeivunja bila hata kujua kwamba ilikuwepo. Umebaki na mti na nywele, na umetupa utawala wa siri, ambao ungekupa riwaya ya kurasa mia tatu. Hebu fikiria nchi ya kubuni ambamo kila aliyefikia umri fulani anamjua mtu aliyemo ndani ya sura inayotawala, na hakuna anayemtaja. Nani anafaidika na ukimya huo? Anayetaja jina anafanywa nini? Binti aliyemtambua kaka yake kwa namna anavyokanyaga ardhi atamwambia nani? Hadithi hiyo inasimama pasipo kuonyesha kinyago hata kimoja cha Newala.

Mwaka 1984 vitu kadhaa viliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kikiwamo kinyago cha Kimakonde. Kilikuja kugundulika Geneva, katika makumbusho ya Barbier-Mueller, na mazungumzo yakaenda polepole mpaka kiliporejeshwa nchini mwaka 2010. Katika miaka yote hiyo kilikuwa sura isiyo na ngoma. Jambo lililofanyiwa Wandipaya ni la namna hiyo hiyo, ila lao halikuhitaji mwizi kuvunja mlango.

Vitu vingine vilitoka nchini hata kabla ya makumbusho hayo kuwepo. Mwaka 1906 Karl Weule, wa makumbusho ya mila za watu mjini Leipzig, alipita Masasi, Chiwata na Newala akiwa na santuri ya kurekodia sauti na kamera ya filamu. Alinunua vinyago, akarekodi nyimbo, akawapa watu kalamu na karatasi wachore, na mwaka 1908 akachapisha kitabu kwa Kijerumani. Kitabu hicho kinakera kwa kurasa nyingi, maana mwandishi anawatazama wenyeji kama mali ya kabati. Lakini pia aliliona lile ambalo kila mgeni wa Newala huliona kabla hajamaliza siku: maji yako chini, watu wako juu.

Hapa nataka tukae. Uwanda wa Makonde umeinuka mamia ya mita juu ya bonde la Ruvuma. Ukisimama Shimo la Mungu, pembezoni mwa mji wa Newala, unaona ardhi imekatika ghafla na bonde limelala chini, kijani na samawati, kuelekea Msumbiji. Juu ni udongo wa mchanga. Mvua inanyesha, lakini maji hayatuami. Hupenya ardhini na kujitokeza tena kwenye chemchemi zilizo chini ya miteremko. Kwa vizazi vingi mwanamke wa uwandani aliamka kungali giza, akateremka na mtungi, akangoja zamu yake chemchemini, kisha akapanda mlima na mtungi kichwani. Kikongwe wa Newala akikueleza habari za kuolewa kwake, maji hayachelewi kuingia katika maneno yake.

Kwa nini watu wakae juu ya kiu? Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilitoka upande wa Ziwa Nyasa ikielekea Kilwa, Lindi na Mikindani, na ilifuata nchi za chini zenye maji. Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, walishambulia kutoka magharibi. Uwandani kulikuwa na vichaka vilivyoshonana kiasi kwamba mgeni hapiti bila kuonyeshwa njia, na njia zenyewe zilikuwa nyembamba, za kupinda, rahisi kuzibwa. Waliochagua kuishi humo waliununua usalama kwa maji. Wenyewe wana simulizi la asili yao pia. Kiumbe mpweke wa porini alichonga sura ya mwanamke kwenye mti, akaisimamisha karibu na makazi yake, na kulipokucha mti ulikuwa mtu hai, akawa mkewe. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa karibu na mto na hakuishi. Wakapanda juu, wa pili naye hakuishi. Wakapanda tena hadi Mahuta, na huko mtoto wa tatu akaishi. Wazao wao wakaachiwa agizo la kukaa juu, mbali na mabonde na mito mikubwa, maana huko kuna maradhi na mauti.

Mchanga unaomeza mvua, mshambuliaji anayepita bondeni, na agizo la wahenga. Mtunzi akiyashika hayo matatu ana nchi nzima mkononi, nayo ina hesabu yake ya ndani. Walinzi wa njia za vichakani wanapata heshima, na wanaistahili. Wabeba maji wanalipa usalama wa wote kwa shingo na magoti, na malipo hayo hayatajwi barazani kwa sababu yamekuwa jambo la kila siku. Kisha mtunzi aulize swali ambalo historia haikuwauliza watu wa kweli kwa namna hiyo: siku hatari ya bondeni itakapokwisha, nani atakuwa na faida ya kusema kwamba bado iko? Nani atashika ufunguo wa njia? Agizo lililowaokoa babu zao linaweza kugeuzwa kuwa gereza na watu wanaolirudia kwa maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya upole. Nchi ya namna hiyo inaniogopesha kuliko Kijuju, na hakuna ndani yake hata mtu mmoja aliyeumbwa kuwa mwovu.

Siku hizi mradi wa maji wa Makonde husukuma maji kutoka bondeni kuyapandisha juu, na nyumba nyingi za Newala zina visima vya saruji uani vinavyopokea mvua kutoka kwenye mabati. Tazama hilo nalo kwa jicho la mtunzi. Mwenye paa pana la bati anavuna maji mengi. Mwenye nyumba ya nyasi havuni kitu. Katika nchi ya kubuni ukubwa wa paa ungeweza kuwa ndio cheo cha mtu, ndio mahari, ndio kura yake. Mambo kama hayo hayapatikani kwa kutazama picha za kabila. Yanapatikana kwa kuuliza bati lilinunuliwa kwa korosho za msimu gani.

Masasi, chini ya uwanda, kati ya milima ya mawe, ina historia nzito zaidi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kiingereza ya Zanzibar aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani, akikusudia kuwarudisha kuelekea Ziwa Nyasa, na kijiji chao kikaanzishwa Masasi. Mwaka 1882 Magwangwara waliivamia misheni hiyo, wakaua na kuteka. Watu waliokuwa wamevuka bahari kwa minyororo, wakafunguliwa, wakatembea hadi karibu na kwao, baadhi yao wakachukuliwa mateka mara ya pili. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikafika na misheni ikachomwa. Lililofuata ndilo lililoua zaidi: jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala ili njaa imalize kazi ya bunduki. Wanahistoria wa Tanzania hukadiria waliokufa katika nchi yote ya vita kuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Weule na santuri yake alipita huku majivu yakiwa bado mapya.

Ninapowasomea vijana habari hizi huwa naona wanakimbilia moto na mishale. Mimi ningewavuta kwenye ghala. Utawala unaoamua kutopigana tena, unaopanga tu nani atakula mwezi ujao, unahitaji makarani, daftari, mizani, na watu wa kawaida wanaokubali kazi. Mtu aliyekaa Ndanda au Lukuledi akisoma ripoti za wakati ule ataona jinsi maneno yake yalivyo makavu, na ukavu huo ndio unaofaa kuazimwa.

Jinamizi huweza pia kuletwa na mtu anayekupenda. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kazi hiyo ikatakiwa kukamilika kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mtwara ilikuwa imetangulia, kwa sababu vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa vinapiganwa ng'ambo ya Ruvuma na serikali ilitaka watu wa mpakani wakae pamoja. Shule zikaja, zahanati zikaja, na wapo waliosoma kwa sababu hiyo tu. Mikorosho, hata hivyo, ilibaki kule kwenye mahame, mbali na nyumba mpya, ikaota magugu. Nchi ilivuna korosho kama tani 145,000 msimu wa 1973/74; kufikia katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inavuna chini ya tani 20,000. Bei na magonjwa ya miti vilichangia, lakini waulize wazee wa Tandahimba na Newala, watakuambia kuhusu umbali wa kwenda shambani. Mtunzi anayeogopa kuandika mtawala mwema anayeumiza hataiandika Kusini vizuri, na nadhani hataiandika nchi yoyote vizuri.

Kuazima kwenyewe si kosa, na Wamakonde hawajawahi kuogopa kuazima. Mapiko ya ng'ambo yaliwachonga maofisa wa Kireno, askari, wamisionari, wenye maduka. Mtawala wa mchana alichezwa jioni na kila mtu akamjua kwa mwendo wake. Paolo Israel, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu mapiko ya Msumbiji, anaonyesha jinsi kila kizazi kilivyobuni sura mpya kushindana na kizazi kilichotangulia. Katika miaka ya 1950, Dar es Salaam, Samaki Likankoa alianza kuchonga mashetani, miili iliyopinda na kuachana, na mfanyabiashara Mohamed Peera akayatafutia soko. Baadaye George Lilanga, aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa, aliwapaka mashetani rangi za kung'aa, akawaweka barazani wakicheza na kubishana kama majirani. Hizo ni dunia za kubuni, zenye watu wa kutisha, zilizotengenezwa na Wamakonde wenyewe kwa vitu walivyoviokota kwa wengine. Waliochonga mapiko waliishi na walioyatazama. Aliyekosea mzaha aliambiwa kesho yake.

Kuna mahali pamoja ambapo ningemwomba mtunzi asubiri. Tangu Oktoba 2017 vita vinaendelea Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Mueda na Muidumbe ni nchi ya Wamakonde, na familia moja huwa na ndugu pande zote mbili za mto. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka Ruvuma na kukivamia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Vijiji vilivyochomwa, watu waliojificha porini na watoto kwa siku nyingi, mama anayemtafuta mwanawe kwa simu isiyopokelewa: kila kimoja kinavutia kwa mtu anayesaka hofu ya kuuzia kitabu. Waliopatwa na hayo wangali hai, wengine wamepanga chumba Masasi mjini. Atakayetaka kuyagusa na aende kwao kwanza kama mwandishi wa habari, achukue ushuhuda na kuuchapisha kama ushuhuda. Riwaya itakuwa na wakati wake.

Na tusidhani ufundi huu ni wa kigeni. Mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, hadithi ya nchi inayoelea angani, ambamo Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha sheria. Hakuna kabila lililoazimwa sura kuipamba nchi hiyo. Kilichoazimwa ni mwendo wa mahakama na baraza chini ya ukoloni: jinsi shtaka linavyotungwa, jinsi mjumbe anayerudi na habari njema anavyotupwa gerezani, jinsi wakubwa wanavyosikiliza bila kusikia. Msomaji wa Tanganyika aliijua nchi hiyo bila kuonyeshwa bendera. Ngũgĩ wa Thiong'o alifanya jambo la jamaa na hilo alipoiumba Aburĩria katika riwaya yake Mũrogi wa Kagogo, nchi inayocheka na kuuma kwa sababu mambo yake yanaenda kama tulivyoyaona yakienda.

Kwa hiyo, kwa kijana wa Masasi mwenye daftari la nchi yake ya jinamizi: mambo ya jandoni na unyagoni ambayo wenyewe hawayasemi hadharani, yaache. Buni mwiko wako, wenye sababu zake na gharama zake; utakuwa mgumu zaidi kuliko ule unaouiba. Yanayosemwa waziwazi yasome na kuyauliza bila haya: njia ya chemchemi ilipita wapi, nani alishika zamu, nini kilimpata aliyeruka zamu alipokamatwa. Kisha, kabla ya kumpelekea mchapishaji, nenda Newala na Kitangari ukawasomee watu sura mbili tatu kwa sauti, wazee wawepo na waliobeba maji wawepo. Watakatiza. Watakuambia mtungi uliojaa haubebwi namna hiyo, kwamba kijana hawezi kumjibu mjomba wake hivyo hata katika nchi ya uongo, kwamba njia hiyo mvua ikinyesha haipitiki. Yaandike yote pembeni. Na wakicheka pale ulipotaka waogope, wekea alama, maana ukurasa huo unaandikwa upya.